Springi Ingoje Wazee Wamalize

Fundi Josephu ni mtu mwema, na hilo naliandika mapema kwa sababu huko mbele naweza kulisahau.

Ndiye anayetengeneza mashine zetu za kubangulia korosho, kwenye banda la kikundi chetu hapa Mtwara, upande wa Chuno. Ni mrefu, mwembamba, mwenyeji wa Mbeya. Amekaa kwetu tangu wakati ule wa kujenga mitambo ya gesi, na mpaka leo asubuhi anakuja kazini na sweta. Sweta, Mtwara. Alikuja kuchomelea vyuma, kazi ikaisha, wenzake wakapanda basi wakarudi kwao, yeye akabaki. Ukimuuliza kwa nini hakurudi, anasema alikuwa anangoja kidogo. Fundi Josephu kila kitu anangoja kidogo.

Mimi naitwa Farida, lakini bandani wananiita Mama Yusufu. Mwanangu huyo alikuwa bado mdogo wa kunyonya tu, hajaonja hata uji, nami nilikuwa namlaza kwenye katoni nyuma ya kiti changu, nimemtandikia kanga. Akilia naacha kazi, nasugua mikono kwa majivu na sabuni mpaka mafuta ya maganda yaishe, maana yale mafuta yanababua ngozi, ndipo namshika. Bi Somoe, mwenyekiti wetu, aliniruhusu hivyo. Mama yangu yuko Mahurunga kwenye mihogo yake, na baba Yusufu yuko Msimbati kwa mambo ya dagaa. Pa kumwacha mtoto sikuwa napo.

Sasa mashine yangu ikaanza kuchechemea.

Mashine ya kubangulia si kitu kikubwa. Ni meza yenye visu viwili vinavyotazamana. Unaweka korosho katikati, unakanyaga pedeli, visu vinauma ganda, unavuta mkono wa mashine, ganda linapasuka, unachomoa kiini kwa ncha ya kisu. Pedeli inatakiwa kurudi juu yenyewe, inavutwa na springi. Springi yangu ilikuwa imechoka. Pedeli ilikuwa inashuka, inakaa kule chini kama inafikiria jambo, halafu inarudi kwa kishindo. Mikono imezoea mwendo wake, haingoji. Unakuta umeshaweka korosho nyingine wakati visu havijakaa sawa, vinaiuma ubavuni, kiini kinatoka vipande. Na kile kishindo kinatikisa meza, meza inatikisa katoni, Yusufu anashtuka na kurusha mikono kama anaanguka.

Kwa Bi Somoe, anayetoa vipande vingi anahamishiwa kwenye pipa. Pipa liko nje nyuma ya ukuta, ndiko korosho zinakopikwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa. Mvuke wake unawasha macho na koo, hata mtu mzima anakohoa mpaka anainama. Mtoto haruhusiwi kule, na ni sawa asiruhusiwe. Kwa hiyo nikihamia pipani mimi, Yusufu hana pa kukaa, na asipokuwa na pa kukaa, mimi sina kazi. Habari ilikuwa fupi hivyo.

"Fundi, springi," nikamwambia.

"Naja, Mama Yusufu. Wazee wamalize."

Wazee ni bendi. Ni Waingereza wa zamani sana, walipiga muziki wao mama yangu hajaolewa. Jina lao ni refu na silithubutu, bandani tuliwaita Wale Wazee, kama yeye mwenyewe anavyowaita. Nyimbo zao sikuwahi kusikia mfano wake. Wimbo unaanza, unasugua mikono, unamnyonyesha mtoto, mtoto anacheua, unambadilisha nepi, unarudi kwenye kiti, na bado hakuna aliyefungua mdomo kuimba. Kinanda kinapanda, gitaa linakifuata, filimbi inaingia, kengele, ngoma zinakimbizana. Halafu kimya. Unasema alhamdulillahi, umekwisha. Kumbe walikuwa wanavuta pumzi.

"Hawa wanakimbizwa na nani?" Felista alikuwa akiuliza. Felista ni jirani yangu wa mashine ya pili, mtu wa Newala, mdomo wake haujawahi kulala.

"Huu ni muziki wa kutulia na kusikiliza, dada," Fundi Josephu anamjibu.

"Nitulie wapi na korosho hizi? Nyie watu wa baridi mnatulia kwa sababu mmeganda."

Alivyowapata hao Wazee ni hadithi aliyotusimulia mara nyingi hata Yusufu naona anaijua. Baba yake alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja mgeni kwenye shule ya misheni. Mwalimu alipoondoka kurudi kwao alimwachia redio kaseti na kaseti moja tu, yenye wimbo mmoja upande mzima. Nyumbani kwao hakukuwa na umeme. Jioni baada ya kula baba anaweka kaseti, watoto wanakaa chini, wote wanasikiliza wazee wanaimba kwa sauti nzito, taratibu, kama watu waliomaliza shamba wakakaa kibarazani. Mkanda ukifika mwisho, kitufe kinaruka, tap. Baba anasema, "Haya, kalaleni." Josephu alikua akijua kwamba wimbo ule unaishia hapo, kwenye tap.

Baba alifariki. Redio ikaharibika, kaseti ikaliwa na panya.

Sasa amenunua simu ya kupangusa, akawatafuta Wale Wazee, akawakuta wote wamo, kila walichopiga. Akafurahi siku moja. Siku ya pili akaanza kulalamika. Wimbo wa baba yake upo, una jina lilelile, lakini anasema sio. Huu unakwenda mbio. Sauti ni nyembamba, kama ya binti. Na pale unapotakiwa kuishia hauishi, unaendelea na mambo mengine hata hayajui.

"Hawa waliurudia," alitueleza, amesimama katikati ya banda na bisibisi mkononi. "Wanamuziki wana tabia hiyo. Wanapiga kazi bora, halafu uzeeni wanairudia kuiharibu. Ile ya baba ni nyingine. Ipo. Ndiyo kazi yao bora, wala hakuna anayeijua."

"Kama hakuna anayeijua, imo humo kwenye simu imeingiaje?" nikamuuliza.

"Ndiyo maana nasikiliza zote."

Na kweli alikuwa akisikiliza zote, na sisi pia. Kikundi kina spika, na spika ina waya, na waya anayeujua ni fundi. Walikubaliana na Bi Somoe kwamba asubuhi iwe taarabu na muziki wetu, Ijumaa kaswida, na mchana baada ya ugali iwe zamu yake. Kila mchana anaanza na ule wimbo wa baba, ule anaosema umeharibiwa, ili ukae sikioni alinganishe. Halafu anaweka albamu nyingine. Anafumba macho. Anatikisa kichwa.

"Nzuri," anasema. "Ila si hii."

Kuna watu huko mtandaoni, anasema, wanabishana ipi ndiyo bora. Wengine wanasema ya mwanzo, wengine ile ya katikati yenye picha ya mlima, na wengine wanatukanana kabisa. Yeye anawasoma wote. Mimi sikuelewa mtu mzima anatukaniana nini na mwenzake juu ya bendi ya marehemu, lakini nilielewa kwamba huku wakitukanana, springi yangu inangoja.

Na mchana ndio tulikuwa tunaharibu sana. Mikono inafuata ngoma, mtu asikudanganye. Taarabu inakwenda kwa madaha, na mikono nayo inakwenda kwa madaha. Wale Wazee walikuwa wakikimbia, na mikono yangu inakimbia nao, na pedeli yangu iko kule chini inafikiria.

Siku moja Alhamisi Bi Somoe akapita mezani kwangu. Bi Somoe hapigi kelele. Anatia kiganja kwenye sinia, anachota, anamwaga taratibu, anatazama vinavyoanguka.

"Mama Yusufu, hizi umebangua au umetwanga?"

"Ni springi, Bi mkubwa. Nimemwambia fundi."

"Mnunuzi anakuja Jumamosi kutoka Dar. Hatazami springi, anatazama sinia." Akachota tena, akamwaga. "Kesho jioni nitapita kila meza. Sinia itakayokuwa hivi, mwenyewe Jumatatu aende kwenye pipa. Sina mtu wangu wala mtu wa mtu."

Aliposema hivyo alikuwa anaitazama katoni. Akaishika kona ya kanga, akamfunika Yusufu mguu, akaenda zake. Angekuwa ananichukia ningejua la kufanya.

Ijumaa asubuhi nikamfuata fundi kabla hata hajavua sweta.

"Springi imepatikana?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Akagonga mfuko wa shati. Ikalia, ching. Ilikuwa humo.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nimeitafuta mpaka kule kwa wauza vyuma chakavu, Mama Yusufu, springi ya namna hii si mchezo."

"Sasa si uifunge?"

"Nitaifunga. Lakini leo kuna albamu moja nimebakiza, na kufunga springi ni kazi ya grisi. Nikishashika grisi siwezi kugusa simu, haisikii kidole. Nadhani hii ya leo ndiyo yenyewe. Nikiipata nitatulia kabisa, nitakufungia na nyingine juu."

Nilimtazama. Nilitamani kumwambia maneno mengi, na kwetu Mahurunga maneno hayo yapo, lakini ana miaka ya baba yangu mdogo, na alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu anayesubiri umfurahie. Nikarudi mezani kwangu.

"Amesemaje?" Felista akauliza.

"Mikono yake haitaki grisi."

"Mlongo wangu, muache. Yule ameolewa na Wale Wazee, na mahari yameshaliwa."

Asubuhi ikapita na kaswida. Nilibangua kwa kuhesabia pedeli: kanyaga, ngoja, ngoja tena, weka. Sinia ikawa si mbaya. Kisha watu wakala, wakaosha vyombo, fundi akachomeka waya wake, na ule wimbo wa baba ukaanza, ule wa kukimbia, na mikono yangu ikanikimbia. Korosho ya kwanza vipande. Ya pili vipande. Kishindo, Yusufu akaamka akalia. Nikasugua mikono, nikambeba, nikamtuliza, nikamlaza. Nikakaa. Kishindo. Akalia tena. Nilihisi machozi yananikaa puani.

Wakati huo Bi Somoe akamwita fundi nje, mfuniko wa pipa ulikuwa unavuja mvuke. Akatoka mbio na koleo lake. Simu akaiacha juu ya spika.

Sasa Felista ana mchezo wake. Akisikia taarabu mpya anaipunguza mwendo kwenye simu, iende taratibu, ili asipitwe na kijembe hata kimoja, ajue nani kasemwa. Mwimbaji anageuka sauti nzito kama mwanaume mwenye mafua, na sisi tunacheka. Nilikuwa nimeuona mchezo huo mara nyingi.

"Felista," nikasema. "Ule mchezo wako wa taarabu. Wafanyie na hawa."

"Simu ya fundi?"

"Mimi sitaki simu yake. Nataka wasinikimbize. Wapunguze tu mpaka nimalize sinia hii."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaenda, akapekua, akavuta kidole.

Spika ikakohoa, halafu Wale Wazee wakashuka. Sijui niseme vipi. Kinanda kilichokuwa kinapiga kelele kikawa kinatembea. Ngoma zikaachana, ukaweza kusikia moja inaondoka na nyingine inakuja. Na ile sauti ya binti ikawa ya mtu mzima, nzito, isiyo na haraka, kama mtu anayekueleza njia.

"Haa," Felista akasema. "Hapo sasa wamekuwa wazee kweli."

Nikaweka korosho. Nikakanyaga. Pedeli ikashuka, ikafikiria, na wimbo nao ukafikiria. Pedeli ikarudi na ngoma ikarudi. Nikavuta mkono, ganda likafunguka, kiini kikatoka kizima. Nikaweka nyingine. Nzima. Hakuna aliyekuwa anaongea bandani, wanawake wote vichwa chini, mikono inakwenda pamoja, na mimi na mashine yangu kilema tumo, hatujachelewa. Yusufu alikuwa macho anatazama bati, kidole mdomoni.

Nilipoinua uso Fundi Josephu alikuwa mlangoni. Ameshika ule mfuniko wa pipa, unamtiririkia maji kwenye viatu. Nikasema moyoni, leo tumegusa simu ya mtu, tutatafutana.

"Nani ameleta kaseti ya baba?" akauliza.

Felista akainama kwenye sinia yake. Fundi akaweka mfuniko chini pole pole, kama ungeweza kuvunjika, akaja akasimama karibu na spika. Hakutikisa kichwa. Alisikiliza wimbo wote amesimama, na ni mrefu ule wimbo, na sasa ulikuwa mrefu zaidi. Ukafika mahali ambapo kinanda kinabaki peke yake. Akanyoosha mkono juu ya simu, akangoja, akangoja kidogo, akazima.

"Tap," akasema.

Nikaondoa mguu kwenye pedeli.

"Ni huohuo wa kila siku, fundi," nikamwambia. "Felista ameupunguza mwendo tu. Mikono ilikuwa inanikimbia."

Akaitazama simu, akanitazama, akaitazama simu tena.

"Redio yenu ilikuwa inatumia nini?" Felista akauliza, ameinua uso.

"Betri."

"Mpya?"

Fundi akakaa juu ya gunia la korosho. "Mpya tutoe wapi? Tulikuwa tunazianika juani juu ya bati, zikipata moto zinapiga tena siku mbili tatu." Akageuza kiganja juu chini. "Baba alikuwa anazigeuza kama samaki."

"Basi ndiyo hivyo. Waimbaji wenu hawakuwa wazee. Betri ndizo zilizozeeka, mkanda ukawa unajikokota."

Wanawake wakacheka, na yeye akacheka, cheko la mtu anayejicheka mwenyewe, kisha akajipangusa uso kwa mkono wa sweta aliyoifunga kiunoni.

"Ina maana hakuna nyingine," akasema. "Mimi natafuta kazi bora ya watu, kumbe natafuta betri mbovu."

Nilimwonea huruma, sitaki kusema uongo. Lakini jua lilikuwa linakwenda na Bi Somoe alikuwa nje anaosha miguu, nikijua akimaliza ataanza kupita meza.

"Fundi," nikamwambia. "Umeipata, hujaipata?"

"Nimeipata."

"Ndiyo hiyo bora?"

"Ndiyo hiyo. Sihitaji nyingine."

"Basi springi."

Akajigusa mfuko, ching, kama alikuwa amesahau. Akaja akapiga magoti chini ya meza yangu. Akiwa kule chini, mikono imejaa grisi, akaniomba nimwekee wimbo tena tangu mwanzo, kwa mwendo uleule wa Felista. Nikaweka. Akafunga springi wimbo unakwenda, na sijawahi kumwona akifunga kitu vizuri namna ile. Alipaka, akakaza, akajaribu, akalegeza, akakaza tena. Pedeli ikawa inashuka na kurudi bila kutoa hata sauti. Nikabangua korosho zilizobaki zote kabla wimbo haujafika kwenye tap.

Bi Somoe akaja. Akatia kiganja kwenye sinia, akachota, akamwaga. Akachota chini zaidi, kule zilikokuwa zile za kukimbizwa, akavikuta vile vipande vyangu, akavitazama. Akatazama pedeli. Akaikanyaga kwa mguu wake mwenyewe, mguu mbichi wa maji. Ikarudi.

"Mtoto wako amekula saa ngapi?" akaniuliza.

"Bado, Bi mkubwa."

"Sasa unakaa hapa unanitazama mimi. Kanawe umnyonyeshe. Jumatatu njoo mapema, kuna gunia la Mahurunga limeingia, korosho zake nene, nataka wewe uanze nalo hapohapo mezani kwako."

Akaenda meza ya Felista. Nilisugua mikono kwa majivu mpaka ikawa myekundu.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, akatazama, akaondoka na mzigo. Hayo yalikwenda vizuri. Jumatatu nikawahi kama nilivyoambiwa, gunia likiwa limefunguliwa tayari, na pedeli ya Felista ikiwa imeanza kulia kama mlango wa choo, kwii, kwii, kila anapokanyaga.

Fundi Josephu akaingia na sweta yake, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoa.

"Nimefikiria Jumapili nzima," akatuambia. "Wale Wazee sikuwatendea haki. Zile albamu zote nilizisikiliza kwa mwendo wa mbio. Kumbe kila moja inataka ipunguzwe ndipo uijue. Huenda ipo inayouzidi hata huu wa baba."

"Ulisema huhitaji nyingine," nikasema.

"Nilisema hivyo nikiwa sijafikiria."

Felista akakanyaga. Kwii. "Fundi, pedeli yangu."

"Naja, dada." Alikuwa ameshachomeka waya, anatafuta albamu ya kwanza kabisa, na asubuhi hata haikuwa zamu yake. "Wazee wamalize."

Nikaitazama springi yangu mpya, nikamtazama Felista. Wazee wakaanza, taratibu, kinanda peke yake. Na kwa mwendo ule waliokuwa nao sasa, mpaka wamalize wote, Yusufu atakuwa anatembea.